JE, HOFU YA MUDA MREFU HULETA USAHAULIFU?



Katika kata ya Ilembo mjini Mpanda, kama ilivyo katika mitaa na vijiji vingi vya Mkoa wa Katavi, si ajabu kusikia maneno kama haya yakisemwa juu ya mzee: "Bibi amebadilika. Majina ya wajukuu yamempotea. Juzi alitoka usiku, akashindwa kuijua njia ya kurudi nyumbani kwake." Hapo majirani hutoa sababu zao. Mmoja husema, "Ni uzee tu." Wa pili husema, "Ni mawazo. Amepata taabu nyingi maishani." Na wa tatu hunong'ona ya kwamba bibi huyo amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi.

Kauli hizi tatu hazina uzito mmoja. Ya kwanza ni kweli nusu. Ya pili ina ukweli ambao wataalamu wameuchunguza kwa miaka mingi. Ya tatu ni uongo, tena uongo uliokwisha mwaga damu. Yafaa basi tuzipime moja baada ya moja, tukianza na hiyo ya pili.

1. Homoni ya hofu ni kitu gani?

Mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alitangaza jambo lililowashangaza wengi. Aliwatia panya katika taabu za namna mbalimbali: baridi kali, kazi ya kupita kiasi, na sumu kidogo kidogo. Ingawa taabu zilitofautiana, miili ya panya ilionyesha alama zile zile. Tezi zilizokaa juu ya mafigo zilivimba, na vidonda vikatokea tumboni. Hapo ndipo ulipoanza uchunguzi wa hali ambayo leo twaiita msongo.

Tezi hizo hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo huchukuliwa na damu mpaka kila pembe ya mwili. Kazi yake ni njema. Mtu akikutana na simba njiani, kotisoli pamoja na homoni nyingine humpa sukari ya kutosha katika damu ili misuli yake ipate nguvu ya kukimbia. Shughuli zinazoweza kungoja, kama kusaga chakula na kukua, huahirishwa. Simba akiondoka, homoni hupungua na mwili hurejea katika utulivu wake. Bila mpango huu mwanadamu asingeishi.

Lakini je, itakuwaje ikiwa simba haondoki? Deni lisilolipika, mume anayepiga kila jioni, njaa ya kila mwaka, na vita vinavyomfukuza mtu katika nchi yake: hawa ni simba wanaolala ndani ya nyumba. Mwili haujui tofauti. Huendelea kumwaga kotisoli mwezi baada ya mwezi, na dawa iliyokusudiwa kwa dakika chache huanza kuwa sumu.

2. Mlango wa kumbukumbu

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, mna sehemu ndogo iliyopindika mfano wa farasi wa bahari, nayo huitwa hipokampasi. Hapa ndipo habari mpya hupokelewa kabla ya kuwekwa akiba. Sehemu hii ikiharibika, mtu aweza kukumbuka vizuri harusi yake ya miaka hamsini iliyopita, wala asikumbuke kama amekula asubuhi.

Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba hipokampasi ya panya huipokea kwa wingi homoni hii ya msongo. Baadaye ikaonekana pia kwamba msongo wa muda mrefu hufanya matawi ya chembe za sehemu hiyo yasinyae, kama mti wakati wa kiangazi. Na tuiweke akilini habari hii njema: katika majaribio hayo, taabu ilipoondolewa, matawi yalichipua tena.

3. Ushahidi kutoka kwa jirani zetu wa Kenya

Huenda msomaji akauliza: "Panya ni panya. Vipi kuhusu viumbe vinavyotukaribia zaidi?" Jibu la swali hili lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Tangu mwaka 1978 Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa akienda Masai Mara kuwachunguza nyani wa porini. Aliwapiga kwa kishale chenye dawa ya usingizi, akapima homoni katika damu yao, kisha akawaachia waende zao. Aliona kwamba nyani wa Mara hupata chakula chao kwa saa chache tu kila siku, na saa zilizobaki huwa na nafasi ya kusumbuana. Madume wanyonge, wanaoumwa na kufukuzwa na wakubwa wao bila sababu, walikuwa na kotisoli nyingi hata wakati wa mapumziko.

Kisha mwaka 1989 Hideo Uno, Sapolsky na wenzao walitangaza uchunguzi wa tumbili waliokuwa wamefugwa katika kituo cha utafiti nchini Kenya na kufa wenyewe. Tumbili hao walikuwa na vidonda vya tumbo pamoja na alama za kuteswa na wenzao. Bongo zao zilipofunguliwa, chembe za hipokampasi zilionekana kuharibika.

Tena iko habari ya tatu. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja la nyani wa Mara walizoea kupigania mabaki ya chakula katika jaa la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikawaua. Wakabaki majike na madume wapole, na kundi zima likatulia. Madume wageni walioingia miaka ya baadaye nao wakafuata desturi hiyo ya upole. Katika kundi lile, hata walio wa chini hawakuwa na dalili za msongo zilizozoeleka kwa wanyonge. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2004. Kumbe kinachomdhuru mnyonge si cheo chake cha chini, bali ni jinsi wenye nguvu wanavyomtendea!

4. Na mwanadamu je?

Mwaka 1998 Sonia Lupien na wenzake wa Montreal walitangaza matokeo ya kuwafuata wazee kwa miaka kadhaa. Wale ambao kotisoli yao ilikuwa juu na ikizidi kupanda walionekana wana hipokampasi ndogo kwa asilimia 14 kuliko wenzao, nao walishindwa zaidi katika majaribio ya kumbukumbu.

Mwaka 2010 ukatangazwa uchunguzi wa askari wa zamani wa Marekani zaidi ya 181,000, wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika muda wa miaka saba, waliokuwa na maradhi ya mshtuko wa vita waliopatwa na demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na fahamu, walikuwa karibu 11 katika kila 100. Wasiokuwa na mshtuko huo walikuwa karibu 7.

Habari hii yatuhusu sisi wa Mpanda. Karibu nasi yako makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo, yaliyofunguliwa mwaka 1978, kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wengi wao wamekwisha kuwa raia wa Tanzania. Waliofika wakiwa vijana sasa ni wazee. Anayeishi jirani na mzee wa namna hiyo ajue kwamba huenda mzee huyo amebeba hofu ya nusu karne, hata kama hajapata kuisimulia.

Hata hivyo, yatupasa kusema kweli yote. Haijathibitika kwamba msongo peke yake huzaa demensia. Watu wengi wameteseka sana nao wakazeeka na akili timamu. Na wengine walioishi kwa raha wamepatwa na ugonjwa huu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uziwi, uoni hafifu, tumbaku, ulevi, kukosa elimu, sonona, na upweke. Msongo haukutajwa peke yake katika hesabu hiyo. Lakini nani asiyejua kwamba sonona, upweke na ulevi mara nyingi ni watoto wake?

5. "Ni uzee tu"

Sasa turudi kwa jirani wa kwanza. Ni kweli kwamba uzee hupunguza wepesi wa kukumbuka. Lakini kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni jambo moja, na kusahau ufunguo ni kitu cha nini ni jambo lingine. Hili la pili ni ugonjwa.

Nao upo kwetu. Mwaka 2010 watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro. Waliona kwamba zaidi ya 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Kwa kuwa wazee wengi hawakwenda shule, kipimo cha kalamu na karatasi hakikufaa. Kikatungwa kipimo kingine: mzee hutaja majina ya wanyama kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kwa mfano aliouona, na hukumbuka maneno aliyotajiwa. Baadaye, huko huko Hai, wagonjwa walikusanywa katika vikundi vidogo kwa mazungumzo na michezo ya kuamsha akili, vikao 14 kwa wiki saba. Fahamu zao zilipata nafuu. Wala hawakupewa dawa ya gharama; walipewa wenzao wa kuzungumza nao.

6. "Ni mchawi"

Kuhusu kauli ya tatu, katika Shinyanga, Mwanza, Tabora na mikoa jirani wanawake wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu, na macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mzee anayetangatanga usiku, anayesema peke yake, anayemwita mwanawe kwa jina la marehemu, yumo hatarini zaidi. Dalili zote hizo ni za ugonjwa wa ubongo unaojulikana.

Qurani Tukufu, katika Sura An-Nahl na Sura Al-Hajj, imekwisha taja hali ya mzee kupoteza ujuzi aliokuwa nao, na imeitaja kuwa sehemu ya safari ya umri wa mwanadamu. Hapana mrogi aliyetajwa hapo. Na katika Sura Bani Israil watoto wameagizwa kuwasemesha wazazi wazee kwa heshima. Anayemwita mama yake mchawi kwa sababu amesahau, ameacha elimu na ameacha dini pia.

7. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, mzee anayesahau apelekwe hospitali mapema. Upungufu wa damu au wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, sonona, na hata dawa anazotumia vyaweza kuleta usahaulifu unaotibika.

Pili, shinikizo la damu na kisukari vipimwe tangu umri wa makamo, si kungoja uzee.

Tatu, asikaripiwe kwa kuuliza swali moja mara kumi. Makaripio hayarudishi kumbukumbu. Humwongezea hofu, nayo hofu humzidishia kuchanganyikiwa. Ajibiwe mara ya kumi kama ya kwanza.

Nne, asiachwe peke yake. Aketishwe barazani na watu, aulizwe habari za zamani anazozikumbuka, apewe kazi ndogo anayoiweza.

Tano, anayemtunza naye apokewe zamu. Binti anayekesha usiku kucha na mama yake naye ana simba wake.

Sita, ukisikia mzee anatajwa kwa uchawi, usinyamaze. Sema wazi kwamba ni mgonjwa, na uwajulishe viongozi wa mtaa kabla maneno hayajawa mapanga.

Ndugu msomaji, hatuna uwezo wa kuifuta hofu aliyoipata mzee wetu miaka hamsini iliyopita. Lakini hofu ya leo na ya kesho imo mikononi mwetu. Mwenyezi Mungu atujalie kuzifanya nyumba zetu mahali pa amani kwa waliotulea. Amin.