Simu ya Mama Mkononi mwa Mtoto: Maswali na Majibu

Mtoto wa shule ya msingi, Tanzania na Kenya, mara nyingi huingia mtandaoni kwa simu isiyo yake. Ni simu ya mama aliye jikoni, ya baba aliyerudi kazini na kujilaza kwenye kochi, ya kaka wa sekondari au ya dada wa kazi. Jambo hilo linabadilisha karibu kila ushauri kuhusu usalama wake, kwani miongozo mingi huandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye kifaa chake na akaunti yake mwenyewe.

Mzazi yupo hapo hapo sebuleni. Simu yake ina hatari gani kwa mtoto?

Hatari ya kwanza ni akaunti. YouTube au TikTok iliyofunguliwa kwenye simu ya mama inamtambua mtazamaji kuwa mwanamke wa miaka 34. Mtoto wa miaka 8 akiishika simu hiyo, mtandao haujui kwamba mikono imebadilika. Vizuizi vilivyowekwa kwa ajili ya watoto havifanyi kazi, na video zinazopendekezwa ni za watu wazima: ugomvi wa mastaa, mahubiri ya kutoa mapepo, matangazo ya kubashiri mechi.

TikTok, Instagram, Facebook na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Umri huo unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyobana ukusanyaji wa taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Haukuwekwa kuwa kipimo cha ukomavu. Kwa hiyo mwenye miaka 13 hajawa mtu mzima kwa kuufikia tu, na mdogo anayetazama kupitia akaunti ya mama hauwezi kumlinda.

Hatari ya pili imo ndani ya simu. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya mtaa na ya kikoba hupokea kila kitu, zikiwemo video za ajali na maiti zilizolala barabarani. Nyingi hujihifadhi zenyewe pamoja na picha za nyumbani, na mtoto anayetafuta picha za sikukuu huzikuta zimepangana nazo. Mipangilio ya WhatsApp inaruhusu kuzuia picha na video zisijipakue wala zisionekane kwenye hifadhi ya picha. Ni kazi ya dakika mbili, na faida yake ni kubwa kuliko ya programu nyingi za kununua.

Kitu gani kirekebishwe kabla ya kumkabidhi simu?

Iwekwe programu ya YouTube Kids, iliyoanza mwaka 2015, na mtoto azoeshwe kuifungua hiyo tu. Mzazi huchagua umri wa mtoto, na anaweza kuamua kwamba zionekane zile video alizoziidhinisha mwenyewe. Chujio lake husaidia, lakini si ukuta. Mwaka 2017 kulizuka malalamiko katika nchi nyingi baada ya kubainika kuwa video zenye wahusika wa katuni maarufu zilificha vitisho na ukatili, na baadhi zilipenya hadi humo. Ndiyo maana kuzima uchezaji wa video unaoendelea wenyewe ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: mtoto huanza na katuni aliyochaguliwa, na video ya kumi hakuna aliyeichagua. Vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza Tanzania mwaka 2014, vinaweza kupakuliwa mapema na kutazamwa bila intaneti, jambo linalookoa bando pia.

Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye kioo, hata mtoto asiweze kutoka na kwenda kwingine bila namba ya siri. Uwezo huo umefichika katika mipangilio ya usalama, na wazazi wengi hawajawahi kuufungua. Kwa familia yenye kishikwambi cha mtoto, Family Link ya Google huruhusu kuidhinisha kila programu na kupanga muda, na vifaa vya Apple vina mpangilio wa namna hiyo.

Halafu kuna pesa. Mama anakanda unga wa chapati, mikono imejaa, mjomba amepiga simu anataka elfu kumi. Mtoto wa darasa la nne anaitwa, anaambiwa bonyeza hapa, sasa hapa, kisha tarakimu nne za namba ya siri zinatajwa kwa sauti. Mtoto hakuiba chochote, amefundishwa. Wiki mbili baadaye, ujumbe ukija kumwambia amejishindia zawadi na anatakiwa kuthibitisha kwa kuweka namba ya siri, yeye anaijua. Namba hiyo isitajwe mbele ya mtoto hata mikono ikiwa na unga, na duka la programu liwekwe lidai neno la siri kwa kila ununuzi.

Michezo ya simu inatisha kiasi hicho?

Kukimbia na kurukaruka kwenye mchezo hakumdhuru mtoto. Linalohitaji macho ni gumzo lililo ndani yake. Free Fire ina almasi, Roblox ina Robux, na vitu hivyo hununuliwa kwa pesa halisi ambayo mtoto hana. Anayetaka kumrubuni huanzia hapo hapo kwenye upungufu. Mazungumzo huenda hivi: “Unacheza vizuri kuliko wote.” Siku ya pili: “Nikupe almasi 100?” Siku ya tatu: “Huku gumzo linasumbua, nipe namba ya WhatsApp.” Ikishapatikana namba, ambayo ni ya mama, linakuja neno lenyewe: “Ukimaliza futa, mama asione. Ni siri yetu.” Picha huombwa baadaye, mara nyingi ya kawaida kwanza, ya uso, ya sare ya shule.

Katika hatua zote hizo, alama iliyo wazi kuliko nyingine ni siri. Sifa na zawadi hutolewa hata na watu wema. Mtu mzima mwenye nia njema hana sababu ya kumwomba mtoto afute ujumbe.

Kosa lipo pia katika kumfikiria mkosaji kuwa mgeni wa mbali daima. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uitwao Disrupting Harm, uliowahusisha watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Anaweza kuwa jirani, binamu mkubwa au rafiki wa familia. Onyo la “usiongee na usiowajua” peke yake linamwacha mtoto wazi upande huo.

Mtoto aambiwe nini, na kwa maneno gani?

Kwa darasa la kwanza hadi la tatu, inatosha kufundisha tofauti ya siri mbili. Zawadi ya bibi iliyofichwa kabatini ina siku yake ya kufunguliwa, na siku hiyo wote watafurahi. Siri isiyo na siku ya kufunguliwa, inayotia tumbo joto, huambiwa mama au baba siku hiyo hiyo. Watoto wadogo huielewa haraka, hasa ikisemwa wakati wa kuoga au kusukwa nywele kuliko katika kikao cha kuitwa mezani.

Kuanzia darasa la nne mtoto aelezwe wazi zaidi: jina la shule, mtaa anaoishi, namba ya simu na picha ya mwili wake havitolewi kwa mtu wa mtandaoni, hata akijitambulisha kuwa mwalimu. Aelezwe pia kwamba picha ikishatumwa haiko tena mikononi mwa aliyeituma, hata kama programu inaahidi kuifuta.

Lililo zito kuliko yote ni ahadi ya mzazi. Mtoto anayejua kwamba akisema atachapwa, au simu itafichwa mwezi mzima, hasemi. Ananyamaza siku ya kwanza, na mrubuni hupata wiki za kufanya kazi yake. Ahadi itamkwe kabla ya tatizo kutokea: “Ukiniambia, sitakupiga, na hutanyimwa simu kwa sababu umesema.” Kisha itimizwe hata pale mtoto alipovunja sharti, kwa sababu ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, ya pili haitaaminika.

Na akiwa ameshaona picha chafu?

Wengi huzifikia kwa bahati mbaya, kwa tangazo lililojitokeza au kiungo kilichotumwa kundini. Aulizwe ameona nini na amejisikiaje, kwa sauti ya kawaida na si kwa mahojiano ya polisi. Aambiwe kwamba hana kosa, kisha chanzo kitafutwe na kuzibwa.

Je, wazazi wenyewe huweka watoto hatarini?

Ndiyo, kwa mapenzi. Picha ya siku ya kwanza shuleni huwekwa status ikiwa na jina la mtoto, nembo ya shule kwenye sweta na gari la shule nyuma yake. Taarifa hizo tatu zinamtosha mtu anayetaka kujifanya ametumwa kumchukua. Nembo ifunikwe, na orodha ya wanaoruhusiwa kuona status ipunguzwe. Simu inayopelekwa kwa fundi nayo iondolewe picha za watoto kwanza, kama bado inawaka.

Kwa siku, muda gani unafaa?

Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango mwaka 2019 kwa watoto wa miaka 2 hadi 4: usizidi saa moja. Kwa walio shule ya msingi halikuweka saa, bali linashauri muda wa kukaa mbele ya skrini kwa burudani upunguzwe. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni kinachosogezwa pembeni: usingizi, kazi za shule, kucheza nje. Usiku simu ilale chumbani kwa wazazi.

Mtu ameomba au amepata picha ya mtoto. Hatua gani zichukuliwe?

Mzazi asimtukane mtu huyo wala kumtishia, maana atafuta akaunti na kutoweka. Asilipe pesa anayodai, anayelipwa hurudi. Jumbe zisifutwe. Jina la akaunti, namba ya simu, tarehe na saa viandikwe kwenye karatasi, ndipo azuiwe na kuripotiwa kwenye programu husika.

Picha yenyewe isitumwe popote, hata kwenye kundi la ukoo kwa nia ya kuonya wengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta zinafanya kusambaza picha za ngono za mtoto kuwa kosa la jinai, na kila anayeipeleka mbele humuumiza mtoto upya. Ipelekwe simu kama ilivyo. Tanzania, mahali pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au ofisi ya ustawi wa jamii. Kenya, Idara ya Upelelezi wa Jinai ina kitengo cha kulinda watoto.

Namba 116 hupigwa bure katika nchi zote mbili, na hupokea simu za watoto kama inavyopokea za wazazi. Inafaa mtoto aijue kwa kichwa, kwani yupo anayetishwa na mtu anayelala nyumba moja naye.