Chuma Kipo, Kiwanda Kimefungwa: Maswali Kuhusu Uvimbe wa Thaimasi na Upungufu wa Damu

Mama ana uvimbe kifuani na damu haipandi. Anywe rozela, bitiruti, au vidonge vya kuongeza damu?

Barua nyingi zimeuliza hili kwa namna mbalimbali. Nazijibu zote hapa. Hapana. Huu si upungufu wa madini. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ni shule ya seli T. Humo hufunzwa kuutambua mwili wenyewe, na zinazokaidi huuawa kabla hazijatoka. Uvimbe ukiota humo, mafunzo huvurugika na seli zisizoiva huachiwa mwilini. Kwa kawaida seli saidizi, CD4, huzizidi kwa wingi seli za CD8, ambazo kazi yao ni kuua. Kwa wengi wa wenye uvimbe huu walioishiwa damu, mizani hupinduka: CD8 hutawala, mara nyingi zikiwa za ukoo mmoja uliozaliana, na huangamiza machipukizi ya chembe nyekundu ndani ya uboho wa mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu. Chembe nyeupe na chembe sahani hazijambo.

Sasa huyo anayeongezewa damu kila mara: chupa moja ina takriban miligramu 200 za chuma, na mwili hauna njia ya kuzitoa. Mkimpa na vidonge vya chuma juu yake, mnauumiza moyo na ini lake. Anayewauzia unga wa "kusafisha damu" anamwibia mgonjwa muda wake.

Jirani anasema amerogwa, maana vipimo havionyeshi kitu.

Hajarogwa. Hajapimwa chembe nyekundu changa, retikulosaiti.

Uvimbe ukitolewa, damu itarudi?

Huenda, lakini msiutegemee upasuaji peke yake. Uvimbe utolewe kila inapowezekana, ila seli zilizokwisha kutoka shuleni zinaendelea kuzunguka hata shule ikibomolewa. Wengi huhitaji dawa za kutuliza kinga, hasa siklosporini, huku figo na presha vikifuatiliwa. Wapo walioishiwa damu miaka kadhaa baada ya kupasuliwa. Kumwambia mgonjwa "umepona, usirudi kliniki" ni uzembe.

Kila mwenye uvimbe huu ataishiwa damu?

Hapana, ni wachache, takriban 5 kwa 100 au pungufu. Wengi zaidi hupata miasthenia: kope kulegea, kuona vitu viwiliviwili.

Uboho umepimwa, hauna machipukizi mekundu. Tufanye nini?

Ombeni CT ya kifua, hata kama hakohoi wala hana maumivu. Kirusi cha pavovirusi B19 nacho kitafutwe, kwa kuwa huzima kiwanda hichohicho na tiba yake ni tofauti.