Nani Alipotea Nane Nane?



Kabla ya kuendelea, soma kwanza Lk 2:41-52.

Kijana mwenzangu, umewahi kumwonea aibu mzazi wako mbele za watu? Mimi nimewahi. Na kiukweli sikuwa mtoto wakati huo. Nilikuwa frateri, tena mwenye shahada ya falsafa.

Mwaka 2023 maadhimisho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Nilikuwa likizo nyumbani, kijiji kimoja karibu na Ifunda, Iringa. Baba akaniambia, "Frateri, nisindikize nikaone ng'ombe." Tukapanda basi alfajiri: Mafinga, Makambako, Chimala, hadi Uyole, kwa shangazi. Ilikuwa siku moja kabla ya kilele.

Kama hujawahi kufika, jua kwamba pale wanakutana watu wa Nyanda za Juu Kusini yote: Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Ruvuma, Rukwa na Katavi. Kuna matrekta, pawatila, mbegu za viazi na maharage za TARI Uyole, muziki, vumbi na ile baridi ya Agosti. Baba hakutazama hata kimoja. Alienda moja kwa moja kwenye mabanda ya mifugo, akasimama mbele ya ng'ombe wa maziwa, akatoa daftari la shule la mdogo wangu na kuanza kumuuliza mtaalamu maswali. Uhimilishaji ni shilingi ngapi? Mtamba apandishwe akiwa na umri gani? Chanjo ya ndigana kali wanachanja wakati gani? Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mwaka uliotangulia ndigana ilituulia mitamba wawili, na mmoja wao tulikuwa tumempangia ada ya mdogo wangu.

Ikapita karibu saa nzima. Nikachoka, nikasogea pembeni na simu yangu. Hapo wakatokea vijana watatu niliosoma nao, wamependeza kweli. Mmoja akaniuliza, "Umekuja na nani?"

Nikatazama nyuma. Baba ameinama anakagua kiwele cha ng'ombe, koti la mtumba limemzidi, kiroba kwapani, anamwomba mtaalamu arudie jibu kwa mara ya tatu. Nikasema, "Nimemsindikiza mzee mmoja wa kijijini kwetu."

Mzee mmoja! Ukichunguza maneno, hakuna uongo: ni mzee, na ni wa kijijini kwetu. Kumbe mtu anaweza kusoma falsafa miaka yote ile, halafu akaitumia kumkana baba yake. Nilipogeuka, baba alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, daftari mkononi. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kama nina njaa.

Usiku ule kwa shangazi sikupata usingizi. Nikafungua Injili hiyo ya Luka, ya familia iliyokwenda kwenye sikukuu kubwa. Yesu, miaka kumi na miwili, amekaa kati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza. Nikaona kwamba kwenye sikukuu yetu sisi, aliyekuwa kati ya walimu akisikiliza na kuuliza ni baba. Aliyepotea ni mimi.

Kisha tazama aya ya 51. Walimu wa Yerusalemu wanamstaajabia, lakini yeye anaondoka na fundi seremala na mkewe, anarudi Nazareti na kuwatii. Nazareti yenyewe ndiyo ile ambayo Nathanaeli aliuliza kama inaweza kutoa kitu chema (Yn 1:46). Mwana wa Mungu hakuona aibu kujulikana ni wa nani na anatoka wapi.

Vijana wengi tunafikiri Amri ya Nne ni ya watoto wadogo: tii, usijibu ovyo, osha vyombo. Lakini Katekisimu (KKK 2217) inatofautisha: wajibu wa kutii hukoma mtoto anapojitegemea, ila heshima haikomi. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaiweka heshima kwa wazazi karibu na fadhila ya haki, kwa sababu ni deni. Tena ni deni lisilolipika, maana kwao tumepata uhai wenyewe. Naye Yoshua bin Sira (3:12-13) anatuonya tusimdharau baba hata akili zikimpungukia, sisi tukiwa na nguvu zetu. Basi mimi nilimdharau baba ambaye akili zake ziko timamu kabisa!

Najua wapo wanaosoma hapa ambao hawakulelewa na baba, au mzazi aliwaumiza. Sikuambii ujifanye hakuna kidonda. Mkumbuke aliyekulea: bibi, mjomba, shangazi. Deni hilo lipo kwake.

Asubuhi, siku ya kilele, nilimkuta baba uani anaota moto. Nikapiga goti, nikamwomba radhi. Akasema, "Nilisikia. Nikajua labda wenzako wana haraka." Yaani alishanitafutia kisingizio kabla sijaomba msamaha! Aisee, niliumia kuliko kama angenigombeza.

Mchana nikamwona mmoja wa wale vijana. Nikamwita mwenyewe: "Njoo umsalimie baba yangu." Akaamkia shikamoo, kisha akauliza juu ya ng'ombe. Baba akafungua daftari. Safari hii nilisimama hapo hapo hadi mwisho.

Maswali ya kutafakari
1. Ni wapi huwa unamficha mzazi au mlezi wako: chuoni, mtandaoni, kanisani?
2. Ni jambo gani analijua yeye ambalo hujawahi kumuuliza?
3. Je, kuna neno ulilomwambia au kulisema juu yake ambalo hujaliombea radhi?

Tusali
Ee Yesu, uliyekubali kuitwa mwana wa seremala, utuondolee aibu isiyo na haki. Utufundishe kuwataja wazazi wetu kwa majina yao halisi, baba na mama, mbele ya watu wote. Uwajalie afya walio hai, na pumziko la milele waliotutangulia. Amina.