Dhiki na Nafasi (Mwanzo 26:19-22)

Leo tuangalie maneno mawili. "Dhiki" tumelipata kwa Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni wembamba, mahali pa kubana. Kinyume chake ni "nafasi".

Isaka alichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombania, akakiita Eseki. Cha pili vilevile, akakiita Sitna. Cha tatu hakuna aliyekigombania. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Sisi wa Merti, Ewaso Nyiro ikikauka, tunayajua haya. Kweli, Yesu alituambia tuingie mlango mwembamba. Mlango ubane tu. Moyo ndio upanuke. Jirani akifika kisimani na mifugo yake, atakuta Eseki ama Rehobothi?