MLINDA MLANGO ALIYEJUA KUNGOJA

Katika vijiji vyetu, tangu vilima vya Mbinga hata mchanga wa Liuli na Mbamba Bay, watoto wakikusanyika jioni kucheza mpira, jambo la kwanza ni ugomvi. Kila mmoja ataka kucheza mbele ili apate kufunga bao; hakuna atakaye kusimama golini. Mwisho huchaguliwa yule aliye mdogo, au yule mwenye miguu mizito, akaambiwa, "Wewe kaa golini." Naye huenda kwa uso wa huzuni, akidhani ya kuwa ametupwa. Somo hili ni kwa ajili ya mtoto huyo. Twataka ajue kazi aliyopewa ni kazi gani, tena asikie habari za mtu mmoja wa Afrika ya Mashariki aliyeifanya kazi hiyo, hata siku moja akawekwa mbele ya wafungaji wote.

Kazi ya mlinda mlango

Goli la sheria lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mtu mzima akinyosha mikono yote miwili huziba mita 2 hivi tu. Mahali pote palipobaki ni wazi. Mkwaju wa adhabu, uitwao penalti, hupigwa kutoka mita 11. Shikeni kalamu mpige hesabu: mpira uendao kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kwa sekunde moja. Gawanyeni 11 kwa 28, nanyi mtaona ya kuwa mpira huo hufika golini kabla nusu sekunde haijaisha. Katika muda huo mfupi mlinda mlango hana budi kuona, kuamua na kuruka.

Basi afanyeje? Hatumii mikono peke yake, hutumia akili. Mshambuliaji akimjia peke yake, mlinda mlango mwenye busara hasimami juu ya mstari, bali hutoka mbele kuuelekea mpira. Mtaelewa sababu mkijaribu hivi: simama mbali na mlango wa darasa, fumba jicho moja, ukaweke kiganja karibu na jicho la pili. Kiganja kidogo chauficha mlango mzima. Vivyo hivyo mlinda mlango akimkaribia mpigaji, goli hupungua machoni pa mpigaji huyo.

Sheria zake nazo zimebadilika. Zamani aliruhusiwa kushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya kiwanja. Tangu mwaka 1912 aruhusiwa ndani ya eneo la adhabu tu, ambalo mwisho wake ni mita 16.5 mbele ya goli. Na tangu mwaka 1992 hawezi kuushika kwa mikono mpira ambao mwenzake amemrudishia makusudi kwa mguu. Kwa hiyo siku hizi imempasa kuucheza mpira vizuri kwa miguu kama wenzake.

Lakini lililo gumu kuliko yote si kipimo wala sheria. Ni hili: nafasi yake ni moja tu. Washambuliaji wawili au watatu waweza kucheza pamoja. Walinda mlango wawili hawawezi. Akichaguliwa mmoja, wenzake huketi. Tena mshambuliaji hubadilishwa mara nyingi kabla mchezo haujaisha, bali mlinda mlango kwa kawaida habadilishwi ila akiumia. Kwa hiyo yule wa pili aweza kuketi mwaka mzima, amevaa mavazi ya kuchezea, asiguse mpira siku ya mchezo hata mara moja.

Kijana wa Kampala

Denis Onyango alizaliwa Kampala, mji mkuu wa Uganda, tarehe 15 Mei 1985. Alichezea klabu ya SC Villa ya mji huo, na alipokuwa kijana wa miaka 20 alitoka kwao akaenda Ethiopia, katika klabu ya Saint George ya Addis Ababa. Mwaka 2006 alikwenda mbali zaidi, mpaka Afrika ya Kusini, akaingia SuperSport United ya mji wa Pretoria. Klabu hiyo ilichukua ubingwa wa ligi miaka mitatu mfululizo, 2008, 2009 na 2010, lakini Onyango hakupata kucheza kila mara. Baadaye akahamia Mpumalanga Black Aces, na mwaka 2011 akachukuliwa na Mamelodi Sundowns, moja ya klabu kubwa za Afrika ya Kusini.

Hapo ndipo alipojaribiwa. Katika Uganda alikuwa mlinda mlango wa taifa, na watu walilijua jina lake, klabuni aliketi. Akaazimwa kwa klabu nyingine, Bidvest Wits ya Johannesburg, apate kucheza, kisha akarudi. Mwaka 2013 klabu ikamleta Kennedy Mweene wa Zambia, aliyekuwa golini nchi yake ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012. Nafasi ilikuwa moja, na waliostahili walikuwa zaidi ya mmoja.

Yafaa mjue jinsi mambo haya yaendavyo. Walinda mlango wa klabu moja hufanya mazoezi pamoja, wakipigiana mipira. Yule wa pili humpigia yule wa kwanza, akamfanya kuwa hodari zaidi. Naye ajua ya kuwa kwa kufanya hivyo aizidi kuifunga njia yake mwenyewe. Jambo hili ni gumu kwa moyo wa binadamu. Mtu mwenye wivu atapiga mpira kwa ulegevu, na siku atakapoitwa ataonekana yeye mwenyewe kuwa mlegevu, kwa maana mazoezi aliyomnyima mwenzake amejinyima na nafsi yake pia.

Mwaka 2016

Onyango alipoipata nafasi hakuiachilia tena. Mwaka 2016 Sundowns waliingia katika shindano la klabu bingwa za Afrika. Kwanza walitolewa na AS Vita Club ya Kinshasa. Lakini Vita walionekana wamemchezesha mtu asiyeruhusiwa, wakaondolewa, na Sundowns wakarudishwa mahali pao. Wakaendelea mpaka mchezo wa mwisho, wakakutana na Zamalek ya Misri. Tarehe 15 Oktoba walishinda 3-0 kwao Pretoria. Tarehe 23 Oktoba, karibu na Alexandria, Wamisri walipata bao moja tu. Kombe likaenda Pretoria kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu hiyo.

Katika mwaka uo huo, tarehe 4 Septemba, Uganda iliifunga Komoro 1-0 mjini Kampala, ikapata njia ya kwenda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Ili mwelewe furaha ya siku ile, kumbukeni ya kuwa Uganda ilikuwa imecheza katika shindano hilo mara ya mwisho mwaka 1978, ilipofika fainali na kufungwa na Ghana 2-0. Mwaka 2011 ilihitaji kuishinda Kenya tu, tena nyumbani, lakini mchezo ukaisha 0-0 na njia ikafungwa. Tangu 1978 mpaka shindano la 2017 ni miaka 39. Onyango alikuwa hajazaliwa Uganda ilipocheza ile fainali.

Tarehe 5 Januari 2017, huko Abuja katika Nigeria, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilimtangaza kuwa mchezaji bora wa mwaka 2016 miongoni mwa wote wanaocheza ndani ya Afrika. Tuzo hiyo mwaka uliotangulia ilikuwa ya Mtanzania, Mbwana Samatta, mfungaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Onyango alikuwa mlinda mlango wa kwanza kuipata. Wawili waliofika naye mwisho, Khama Billiat wa Zimbabwe na Rainford Kalaba wa Zambia, si walinzi wa goli, bali ni watu wa kushambulia. Umri wake ulikuwa miaka 31.

Baada ya sifa

Katika Gabon, mwezi ule ule, Uganda ilifungwa na Ghana 1-0, kisha na Misri 1-0, ikatoka sare na Mali 1-1. Siku ya kucheza na Misri, golini upande wa pili alisimama Essam El Hadary, mwenye miaka 44. Naye alikuwa amekwenda Gabon kama mtu wa akiba. Aliingia kwa kuwa wenzake waliumia, akaifikisha nchi yake fainali. Mwaka 2018, akiwa na miaka 45, alicheza katika Kombe la Dunia huko Urusi, akazuia penalti ya Saudi Arabia. Kabla yake hakuna aliyecheza katika Kombe hilo na umri mkubwa hivyo.

Mwaka 2019, katika Misri, Onyango akiwa nahodha, Uganda ilifika hatua ya mtoano ikakutana na Senegal. Sadio Mané alifunga bao mapema. Baadaye akapiga penalti, na Onyango akaizuia. Hata hivyo Uganda ilishindwa 1-0. Ndivyo kazi hii ilivyo: aliyezuia penalti alitoka uwanjani ameshindwa.

Mwezi wa Machi 2021 Uganda ilifungwa 1-0 na Malawi, nchi ile ambayo milima yake twaiona ng'ambo ya ziwa letu, ikakosa nafasi ya shindano lililofuata. Mwezi wa Aprili Onyango akaaga timu ya taifa. Na mwaka 2022 Sundowns wakamleta mlinda mlango mwingine, Ronwen Williams, aliyekuwa nahodha wa Afrika ya Kusini. Williams akawa wa kwanza, na Onyango, mwenye tuzo ya Afrika nyumbani kwake, akarudi kuketi. Hakuondoka kwa hasira. Alikaa, akafanya mazoezi pamoja na yule aliyechukua nafasi yake, kama wengine walivyofanya mazoezi naye zamani.

Tujifunze nini?

Wahenga walisema, "Subira yavuta heri." Neno hili ni la kweli, lakini wengine hulielewa vibaya, wakadhani subira ni kuketi kitako mpaka heri ije yenyewe. Tena tusidanganyane: si kila angojaye hupewa kombe. Wako walinda mlango wengi waliofanya kazi kwa bidii, na siku yao haikufika. Lakini siku hiyo ikifika, haimngoji mtu ajiandae. Mwenzako akiumia, huitwi kesho. Huitwa sasa hivi. Kwa hiyo aliye wa pili hana budi kuwa tayari kila siku kama aliye wa kwanza, ingawa hasifiwi.

Na si katika mpira tu. Mkulima wa Umatengo huchimba ngoro zake mlimani kabla mahindi hayajaonekana. Mvuvi hushona nyavu siku ambazo mawimbi ya ziwa yamemzuia kutoka. Nawe, mtoto uliyewekwa golini jioni hii: usiende kwa huzuni. Tazama mpira ulipo, toka mbele kwa wakati wake, uwaite wenzako kwa sauti, kwa maana wewe peke yako waona kiwanja chote kilicho mbele yako.

Maswali

1. Kwa nini mlinda mlango hutoka mbele mshambuliaji akimjia peke yake?
2. Ni sheria gani iliyobadilishwa mwaka 1912? Na mwaka 1992?
3. Taja klabu tatu za Afrika ya Kusini alizochezea Denis Onyango.
4. Kwa nini watu wa Uganda walifurahi sana tarehe 4 Septemba 2016?
5. Mpira uendao kilomita 72 kwa saa hupita mita ngapi kwa sekunde? Utafika golini baada ya muda gani kutoka mita 11?
6. Andika habari fupi ya mtu wa kijijini kwenu afanyaye kazi vizuri ingawa hasifiwi.