Kila Mtu na Kipande Chake: Mafunzo Niliyopata Katika Kwaya na Ngoma za Mara

Ukarani wa mahakama umenihamisha kutoka Musoma kwenda Bunda, kisha kutoka Bunda kwenda Butiama, na kila kituo nimejiunga na kikundi cha muziki. Musoma ilikuwa kwaya ya parokia inayoimba kwa sauti nne na kinanda. Bunda ilikuwa kwaya ndogo ya kigango, yenye ngoma na kayamba tu. Butiama ni kikundi cha ngoma ambamo bibi mwenye wajukuu anacheza bega kwa bega na mtoto wa darasa la pili. Mimi sikusomea muziki na sauti yangu ni ya kawaida. Vikundi vyote vitatu vilinikaribisha kwa maneno yaleyale: hapa tunapokea watu wote. Maneno hayo hupimwa kwa saa ya mazoezi, bei ya sare na kazi anayopewa mgeni. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza ratiba kwanza

Mkoa wa Mara hauna uhaba wa waimbaji. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina, jirani na Musoma, mwaka 1911. Wamennonite kutoka Marekani walianza kazi yao Shirati mwaka 1934. Waadventista Wasabato wakaweka vituo Majita na Ikizu. Kila dhehebu lilikuja na nyimbo zake, na hadi leo Msabato ana Nyimbo za Kristo na jirani yake ana Tenzi za Rohoni. Ukitembea jioni kutoka Nyasho kuelekea Barabara ya Mukendo utapita mazoezi ya kwaya moja kabla masikio hayajaachana na nyingine.

Mtu anayetafuta kikundi huuliza kipi kinaimba vizuri. Swali lenye faida zaidi ni hili: mazoezi ni siku gani, yanaanza saa ngapi na yanaisha saa ngapi. Mama anayekaanga samaki Mwigobero hupata wateja wake jua likizama, kwa hiyo kwaya inayokutana saa kumi na mbili jioni imemfungia mlango bila kumwambia neno. Kwaya yetu ya Musoma ilihamishia zoezi kubwa Jumapili mara baada ya misa, ikabakiza zoezi moja dogo la katikati ya wiki. Wakatokea watu ambao tulidhani hawapendi kuimba.

2. Mwache mwalimu akusikilize

Katibu wa kwaya hiyo aliandika jina langu, namba ya simu na jumuiya ninayosali, akaniambia nitakuwa kwenye majaribio. Nilitegemea mtihani. Mwalimu wa kwaya alinitaka tu niimbe wimbo wowote ninaoujua, akanishusha noti moja baada ya nyingine hadi mahali sauti ilipokwama, kisha akanipandisha. Halafu akanionyesha pa kukaa: kati ya wanaume wawili wa besi, mmoja fundi cherehani, mwingine mlinzi wa usiku.

Kiti kile kilipangwa kwa makusudi. Kwaya inayopokea kila mtu haiwatengi wageni nyuma ya chumba. Inampandikiza kila mgeni kati ya wenyeji wawili walioshika sauti, naye anaimba kwa kuwafuata hadi siku atakaposimama mwenyewe. Fundi cherehani hakunifundisha kwa maneno. Nikipotea aliongeza sauti kidogo, nikirudi aliipunguza. Kikundi kinachokaribia kukupokea, kitazame wageni wake wameketi wapi, maana hapo ndipo utakapoketi na wewe.

3. Sol-fa ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi

Nilidhani kusoma muziki ni kujua mistari mitano na vichwa vyeusi vya noti. Kumbe kwaya nyingi za kwetu husoma sol-fa, yaani herufi: d, r, m, f, s, l, t, na nukta pacha kutenganisha mapigo. Mfumo huo uliasisiwa Uingereza na mwalimu aitwaye Sarah Glover, na katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akauboresha na kuueneza. Curwen alitafuta njia rahisi ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule za Jumapili na watu wazima wasio na elimu ya muziki. Wamisionari wakaibeba hadi kwetu.

Faida yake niliiona ubaoni. Sol-fa haihitaji karatasi maalumu. Inaandikwa kwa chaki, kwa kalamu nyuma ya bahasha, hata kwa ujumbe wa simu. Anayejua kusoma na kuandika hujifunza misingi yake bila kuwa na chombo nyumbani. Kwa wasiojua kusoma, mwalimu alikuwa na utaratibu wa pili: kila mstari uliimbwa kwanza kwa do-re-mi, sauti moja moja, mara kadhaa, kabla ya kuweka maneno. Mwenzetu mmoja asiyeona ndiye mara nyingi aliyekuwa wa kwanza kushika kwa kichwa, nasi wenye karatasi tukawa tunamsikiliza yeye. Kikundi chenye njia moja tu ya kufundisha kinakuwa kimekwisha kuchagua nani abaki.

4. Kanuni kali humlinda mdhaifu

Kama karani nimeandika faini nyingi, lakini za kwaya ndizo zilizonifikirisha. Bunda mchelewaji alilipa, awe mwimba solo au mgeni wa wiki ile. Asiyefika bila ruhusa aliitwa na mwenyekiti. Ila hapakuwa na faini ya kukosea noti. Utaratibu huo una maana kubwa. Unapoadhibu uzembe na kuvumilia ugumu wa koo, unamwambia mwenye sauti hafifu kwamba anaweza kuwa mwanachama kamili kwa jambo lililo mikononi mwake: kufika. Na unamwambia mwenye kipaji kwamba kipaji hakilipii kutokuwepo kwake.

Kanuni zinaweza pia kumfukuza mtu, na sare ndiyo mfano mkubwa. Kila sikukuu inapokaribia, vikundi hutangaza kitenge kipya, na mwanachama asiye na fedha huanza kuugua ghafla. Pale Bunda mhazini aliagiza jora zima kwa bei ya jumla, michango ikapokelewa kidogo kidogo, na washonaji waliokuwamo kwenye kwaya wakashona kwa bei ya ndugu. Sare chache zilibaki kabatini kama mali ya kwaya. Aliyevaa ya kabatini hakutajwa, na kitambaa kilikaa miaka kabla ya kubadilishwa. Ukitaka kujua kama kikundi ni cha watu wote, uliza sare hubadilishwa baada ya muda gani.

5. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe

Methali hiyo Bunda ina mizizi, kwa kuwa wako Wasukuma wengi, na bugobogobo yao huchezwa kwa majembe: ngoma iliyozaliwa shambani, ambako mdundo uliwapanga wengi kulima pamoja. Kwenye ngoma za namna hiyo hakuna mtazamaji aliyesimama tu kwa muda mrefu. Atashikishwa kitu.

Butiama nililielewa jambo hilo kwa undani. Wimbo wa ngoma una mwanzilishi mmoja anayebeba maneno mengi, na kiitikio kifupi cha wote. Mtoto anakishika papo hapo. Mzee aliyechoka magoti anakiimba akiwa ameketi. Nje ya kiitikio kuna kayamba, njuga, makofi, vigelegele, na ngoma ndogo inayorudia pigo lilelile mwanzo hadi mwisho. Kijana mmoja wa kikundi chetu hasemi vizuri, lakini ngoma hiyo ndogo ni yake, na akikosekana wachezaji wanajikwaa. Hakupewa kwa kuonewa huruma. Pigo lisilobadilika ni kazi ngumu, na wengi wetu tunalikimbiza bila kujijua.

Kwaya ya sauti nne nayo inaweza kujifunza hapa. Mtunzi anayejua watu wake huacha mahali pa kiitikio chepesi katikati ya wimbo mgumu. Muziki haushuki hadhi, na watu wengi zaidi wanakuwa na sababu ya kuja.

6. Chombo kikiwa kimoja, zamu ndiyo shule

Butiama kuna mzee wa Kikurya aliyehamia zamani, mwenye litungu lake la nyuzi nane. Vijana wanaotaka kujifunza ni wengi, litungu ni moja. Hukaa kwa mzunguko: mmoja anapiga, wengine wanaimba sehemu ile kwa midomo huku wakitazama vidole. Zamu ya mtu inapofika, sikio limeshatangulia.

Njia hiyo imejenga hata makubwa. Mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha Kinshasa orkesta ya waumini wa Kanisa la Kimbanguiste, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika fidla. Vyombo vilikuwa vichache, wakavipokezana, na uzi ulipokatika walitumia hata waya wa breki za baiskeli. Leo orkesta hiyo inajulikana duniani. Kwa hiyo kikundi kinachosema kitapokea wanafunzi kikishanunua kinanda, nakishauri kianze kesho na kilichopo. Musoma umeme ulipokatika tuliendelea bila kinanda, na mara nyingi ndipo tuliposikilizana zaidi.

7. Msiba ndio unaoonyesha kwaya ni nani

Siku ya sikukuu kila mtu yupo. Mazishi hufanyika mchana, tena katikati ya wiki. Mwimba solo yuko ofisini, mpiga kinanda yuko darasani anafundisha, nami niko mahakamani naita kesi. Wanaofika nyumbani kwa wafiwa ni bibi wa sauti ya kwanza mwenye koo linalotetemeka, mama wa genge aliyefunga biashara, kijana asiye na ajira, na yule wa majaribio ambaye bado anamfuata jirani yake. Hao ndio kwaya siku hiyo. Hakuna kipaza sauti, wala muda wa kupasha koo, na wimbo unaanzishwa katikati ya vilio.

Kikundi kilichowategemea mahodari wachache hunyamaza hapo. Kilichomfundisha kila mtu kipande chake kinaimba. Faida ya kupokea watu wote niliiona wazi zaidi misibani kuliko kwenye tamasha lolote.

8. Usiivulie kofia kwaya ukaipita ngoma

Desemba 1962, akilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wengi walijua rumba na chachacha, ilhali ni wachache waliojua ngoma kama gombe sugu, kiduo au lelemama. Aliyesema hayo alizaliwa hapa Butiama, na kila Oktoba 14, siku ya kumbukumbu yake, wageni hufika Mwitongo alikozikwa. Vikundi vya ngoma hupata siku hiyo heshima ambayo haviipati Novemba.

Nimekaa pande zote mbili, na nasema kwamba kila upande una deni. Kwaya imetunza maandishi, muhtasari, mhazini na ratiba. Ngoma imetunza ufundi wa kumpa kazi yeyote anayeingia uwanjani, wa miaka sita au themanini. Kikundi cha kwetu cha Butiama sasa kina daftari la mahudhurio, na watoto huanza mapema ili wafike nyumbani kabla ya giza, wazee wakibaki kumalizia. Hayo tumeyachukua kutoka kwaya.

Anayetaka kuanzisha kikundi Musoma, Bunda, Butiama au kwingineko asianze na jina wala sare. Achukue karatasi aandike: saa hii inamfungia nani nje, mchango huu unamshinda nani, asiyesoma atajifunza vipi, asiyeweza kusimama atakaa wapi, na mgeni wa wiki ijayo atashika nini. Akishapata majibu, ndipo atangaze kwamba wote wanakaribishwa.