Moshi wa Banda na Pumzi ya Ndama



Magharibi ikiingia, wengi wetu hapa Unguja huwasha makumbi ya nazi bandani kufukuza mbu na nzi. Ng'ombe hutulia, lakini huo moshi nao wanauvuta.

Moshi ni kitu gani?
Ni gesi na chembe ndogo mno zinazoelea hewani. Unywele mmoja ni mnene kuliko chembe hizo mara 20 au zaidi. Vumbi kubwa hunaswa puani, lakini chembe hizi hufika ndani kabisa ya mapafu, ya ndama na ya mtoto pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani.

Chembe hizi hugusa hata hali ya hewa. Masizi meusi hunyonya joto la jua na kuipasha hewa moto. Chembe nyeupe, kama za chumvi ya bahari, hurudisha mwanga juu na husaidia mawingu kujengeka. Masizi hayakai angani muda mrefu, mvua huyaosha. Tukipunguza moshi leo, hewa husafika upesi.

Ufanye nini?
1. Usiwashe moto ndani ya banda. Uwashe nje, mbali kidogo.
2. Tazama upepo. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Kusi hutoka kusini. Mahali pa moto panapofaa msimu mmoja huenda pasifae msimu mwingine.
3. Zoa samadi kila siku na fukia madimbwi. Nzi na mbu watapungua, na haja ya moshi itapungua.
4. Usimfunge ndama karibu na jiko la kuni.

Si kila kikohozi ni cha moshi
Moshi hauui kupe, na kupe ndiye anayeleta ndigana kali. Niliwahi kuitwa kwa ndama aliyekohoa siku tatu, mwenyewe akidhani ni moshi. Nilipompapasa, tezi za chini ya masikio zilikuwa zimevimba. Dawa ilichelewa, akafa.

Ndama akikohoa, mtoe kwenye moshi, kisha mpapase tezi na umpime homa siku hiyo hiyo. Ukikuta uvimbe au homa, mwite afisa mifugo mara moja, usingoje kesho. Na endelea kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe.